Mshono wa Katikati

Shusha alikuwa amekunywa nusu ya uji wake kitu kizito kilipoanza kuburuzwa juu ya paa. Mkewe alikuwa amemshikia kikombe, jicho moja kwa mumewe, jingine chini barabarani, ambako madereva wawili wa malori walikuwa wanabishana nani amemzibia mwenzake njia. Kamba mbili zilipita mbele ya dirisha. Zikafuatwa na kitambaa. Kilishuka kwa kishindo, kikapiga ukuta, kikatulia, na chumba kikawa na mwanga wa ndani ya hema. Bahari haikuonekana tena. Winchi za bandari hazikuonekana. Palibaki weupe tu, kutoka ukingo mmoja wa dirisha hadi mwingine.

Shusha aliinua mkono wa kushoto, ule mmoja uliobaki na nguvu, akakunja ngumi. Maana yake ilikuwa simama.

"Nimeona," mkewe alisema. "Ngoja."

Alitua kikombe, akasogea dirishani, akanyoosha kidole akagusa kitambaa. Mshono wa kuunganisha vipande viwili ulipita wima katikati ya dirisha. Uzi ulikuwa mara mbili, umepakwa nta, na kila baada ya shubiri moja mshonaji alikuwa amerudi nyuma michomo mitatu ili uzi usikimbie hata ukikatika. Mshono wa mtu ni kama mwandiko wake. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Ulikuwa wake mwenyewe.

Aliuondoa mkono wake polepole, kama mtu aliyegusa chuma cha moto na hataki wengine wajue.

Mumewe alikuwa bado ameinua ngumi.

*

Miaka ishirini na sita Shusha alikuwa mpiga ishara bandarini. Dereva wa winchi akiwa juu kwenye kibanda chake haoni vizuri kinachotokea ndani ya meli, kwa hiyo humtegemea mtu mmoja aliyesimama chini na mikono yake. Kidole kikizunguka hewani, pandisha. Kiganja kikitazama chini na kushuka taratibu, shusha. Ngumi, simama. Vijana walimpa jina hilo kwa sababu hata akiwa dukani akipimiwa sukari, mkono wake ulikuwa unashuka wenyewe.

Kiharusi kilipompata kilichukua ulimi na upande wa kulia, kikaacha mkono wa kushoto. Nyumbani hawakupata shida ya kuelewana. Kidole kikizunguka, nikalisheni. Kiganja kikishuka, nilazeni. Ngumi, nimeshiba, au binti umesema vya kutosha.

"Baba, hiyo ngumi unanionea," binti alikuwa akisema. "Mama amesema zaidi yangu."

Na ngumi ilikuwa inamgeukia mama.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya nne, upande wa maji. Ghorofa ile, upande ule, hapakuwa na mpangaji mwingine, na za chini yake hazikuwa na madirisha upande huo. Palikuwa na stoo mbili za mwenye jengo zilizojaa viti vibovu. Chini ilikuwa barabara ya bandari, na kando yake ukuta mfupi wa zege ambao watu walikaa kula mahindi na kutazama maji. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uzio, na nyuma ya uzio winchi. Kibanda cha dereva wa winchi namba tatu kilikuwa usawa mmoja na dirisha lao. Dereva yule alifunzwa kazi na Shusha mwenyewe. Kila siku saa kumi alasiri, kabla ya kukabidhi zamu, alipandisha kulabu tupu hadi juu kabisa, akaigeuza kuelekea jengo. Shusha alikaa dirishani na mkono wake. Shusha, shusha, simama. Kulabu ilifuata mkono huo kama mbuzi anayemjua mwenyewe, ikasimama pale ngumi ilipokunjwa. Kisha dereva alipunga mkono, akateremka kwenda kwake.

Haikuwa na maana kwa meli yoyote. Lakini muuguzi wa mazoezi alipokuja kumpima aliuliza mkono ule unafanya kazi gani hata ukawa mwepesi namna ile, na mama alipomweleza, muuguzi alisema, "Basi msimwachishe. Mkono wa mgonjwa ukilala wiki tatu, kuuamsha ni bahati nasibu. Na huyu hana mwingine."

*

Msimamizi wa jengo alikuwa na meza kwenye ukumbi wa chini, karibu na ngazi. Alikuwa mtu mpole. Upole wake ndio ulioogopesha wapangaji, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumshinda akiwa mpole.

"Karibu, Mama Turubai," alisema. Wote walimwita hivyo mke wa Shusha, kwa kazi yake ya kushona na kutia viraka maturubai ya malori pale uani. "Umeona kazi yako ilivyopendeza?"

"Imeziba dirisha langu."

"Imeziba, ndiyo." Alifungua faili, akatafuta karatasi, akaigeuza ili mama aione. "Hapa tulikubaliana. Kodi inapungua robo kwa miezi sita, mpangaji anaridhia bango kwenye ukuta wa upande wa maji. Hii si sahihi yako?"

"Ulisema ukuta."

"Dirisha si sehemu ya ukuta, mama?"

Alikumbuka siku ile ya sahihi vizuri kuliko alivyotaka. Msimamizi alikuja uani na kipande cha sampuli, akamuuliza yeye, fundi, kama kitambaa kile kitahimili upepo wa maji. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali la maana kwa muda mrefu. Alikivuta, akakikunja, akakinusa. Alisema kitahimili, ila pete za chuma zikae karibukaribu, na pembeni kipitishwe kamba ndani ya upindo. Msimamizi alisema basi kazi yote ni yako. Alishona siku mbili, bango limelala kifudifudi uani, upande mweupe juu, akizunguka nalo kwa magoti. Alijua lina hatua ngapi kwenda juu. Alijua jengo lina ghorofa ngapi. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwake kama wageni wawili wasiojuana, kila mmoja na kiti chake, wala hayakusalimiana.

"Mume wangu ni mgonjwa," alisema. "Hakuwa na kitu kingine cha kutazama."

"Pole sana. Miezi sita si mingi."

"Kwake ni mingi."

"Mama," msimamizi alisema kwa sauti ya chini, kama anamsaidia, "ungekuja kabla hujashona, ningekuwa na la kukujibu. Sasa nikamwambie mwenye bango kwamba fundi aliyelishona amebadilisha mawazo? Atanicheka. Na wewe atakucheka."

Alitoka nje, akavuka barabara ili alione bango. Lilikuwa limefunika ukuta mzima. Picha ilionyesha roshani ya nyumba nyeupe, baba, mama na watoto wawili wameegemea reli wakitazama bahari. Bahari yenyewe ilikuwa ya buluu ambayo maji ya pale hayajawahi kuwa nayo. Maandishi makubwa yalisema: AMKA UKIIONA BAHARI. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya wauzaji wa nyumba hizo. Alijaribu kupima kwa jicho dirisha lake liko wapi. Lilikuwa kwenye anga, juu kidogo ya kichwa cha yule baba.

Muuza kahawa aliyekuwa ameketi kwenye ukuta mfupi alimsogezea nafasi. "Wametuletea bahari juu ya ukuta," alisema, "na sisi tumeipa mgongo iliyo nyuma yetu. Sasa sijui niitazame ipi."

"Itazame ile isiyolipiwa," dereva mmoja wa lori alimjibu.

Wakacheka. Mama Turubai naye alicheka, maana kutocheka kungehitaji maelezo.

*

Siku ya kwanza, saa kumi, Shusha aliinua mkono akauelekeza kwenye weupe. Shusha, shusha, simama. Alikaa akingoja. Upepo ulikivuta kitambaa ndani kidogo, ukakiachia. Kwa mbali walisikia winchi ikipiga kengele zake, kisha ikanyamaza.

Siku ya pili aliinua tena. Siku ya tatu mkono ulifika kifuani ukarudi. Siku ya nne mkewe alipomkalisha kwenye kiti alikunja ngumi, kiti kikiwa bado hakijageuzwa dirishani, akaitupa ngumi kuelekea kitandani. Baada ya hapo mkono haukuonekana tena. Aliulaza chini ya shuka akageukia ukuta, na hata uji alikunywa kwa kulazimishwa, hasemi shibe wala njaa.

Binti yao alikuwa anakata tiketi kwenye kivuko. Alirudi jioni miguu imevimba, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake akampasha habari za abiria, kama kawaida yake: mtu aliyetaka kuvuka na godoro bila kulilipia, mwanamke aliyemwachia jogoo amshikie kisha akashuka akamsahau. Alipiga maneno mengi kwa makusudi. Alikuwa anangoja ngumi. Haikuja.

"Mama," alisema kabla usiku haujaingia, wakiwa wanaosha vyombo, "siku ngapi leo?"

"Tisa."

"Muuguzi alisema wiki tatu."

"Najua alichosema muuguzi, nilikuwepo."

"Ungeniuliza kabla ya kutia sahihi."

"Ningekuuliza, ungesema nini? Robo ya kodi nani angeikataa, wewe?"

Ilikuwa kweli, na binti alijua ni kweli, na ndiyo maana alikasirika. "Mimi nisingelishona," alisema.

Mama aliendelea kusugua sufuria lililokuwa limekwisha kutakata.

"Wewe hujui kushona," alisema.

*

Siku ya kumi na mbili Mama Turubai alijifunga kitenge kizuri akaenda kwenye lango la bandari saa ya chakula cha mchana. Alikuwa na wazo dogo tu: dereva wa namba tatu aje nyumbani hata mara moja, amwone mzee, amshike mkono, amtanie kidogo. Labda mkono ungeamka.

Mlinzi hakumtazama usoni. "Unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Basi unaomba. Wanaoomba ni Ijumaa."

"Namtafuta dereva wa winchi namba tatu."

"Ni nani yako?"

Alifikiri. "Mume wangu alikuwa anafanya kazi hapa. Shusha."

Mlinzi alisimama. Alivua kofia. Jambo hilo lilimshangaza mama, kwa sababu katika miaka yote ile ya kuja kumletea mumewe chakula hakuna mlinzi aliyemvulia kofia. "Mama, samahani sana," alisema. "Kaa hapa. Kaa kwenye kiti changu. Nakuitia."

Dereva alikuja akitembea haraka, kofia ngumu mkononi, na nyuma yake wanaume sita au saba, baadhi bado wanatafuna. Walipomkaribia walipunguza mwendo. Wakampa mkono mmoja mmoja, mikono yenye grisi, kila mmoja akiinama kidogo.

"Pole, mama."

"Pole sana, mama."

"Tumempoteza mwalimu."

Alidhani wanazungumzia ugonjwa. Kisha akaelewa.

"Tumeona, mama," dereva alisema. "Siku ile saa kumi mzee hakuonekana. Nikatazama vizuri, naona bango limepita juu ya dirisha lake. Hawa wakasema labda amehama. Nikawaambia, ahame aende wapi na hali ile. Ametutoka. Nani angemzibia dirisha mtu aliye hai?"

Maneno ya kujibu yalikuwa mawili tu: yuko hai. Yalifika mdomoni. Lakini nyuma yake aliliona swali lingine limesimama mlangoni, linangoja kuingia: kama yuko hai, basi nani amemzibia dirisha? Na wanaume wale wote wangelingoja jibu, wakiwa wamevua kofia.

Dereva alitoa bahasha kwenye mfuko wa ndani. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi, ina alama za vidole. "Tulikuwa hatujui tuilete lini, kwa sababu hatukusikia msiba. Tukasema huenda mmemzika kwenu. Majina yamo ndani. Si kitu kikubwa."

Mkono wa mama uliipokea. Baadaye alijaribu sana kukumbuka kama aliunyoosha yeye au bahasha ilisogezwa mpaka ikamkuta.

"Jumapili tutakuja tukae na nyinyi kidogo," dereva alisema. "Hatutawasumbua kwa chakula."

"Ahsanteni," Mama Turubai alisema.

Mlinzi alimfungulia lango lote, kama anavyofungulia gari.

*

"Umepokea nini?"

"Punguza sauti."

"Mama, umepokea rambirambi ya mtu anayekunywa uji?"

Walikuwa wamesimama karibu na jiko, migongo kwa kitanda. Bahasha ilikuwa juu ya meza, katikati ya nyanya mbili na kisu. Binti aliifungua, akatoa karatasi ya majina, akasoma kwa midomo bila sauti. Yalikuwa mengi. Wengine aliwajua tangu mtoto. Mmoja alikuwa akimbeba mabegani kwenye lango lile lile.

"Nilitaka kuwaambia."

"Sasa?"

"Alisema hakuna anayemzibia dirisha mtu aliye hai." Alikichukua kisu, akakirudisha. "Ningesema nini, mwanangu? Kwamba yupo, ila tumemfunika mapema? Na kwamba aliyeshona sanda ni mimi?"

Binti aliweka karatasi chini.

"Jumapili wanakuja," binti alisema. "Watakaa hapa hapa. Watamkuta amelala hapo. Tutawaambia nini, kwamba amefufuka?"

Kitanda kililia.

Waligeuka. Shusha alikuwa bado ameelekea ukutani, lakini bega lake la kushoto lilikuwa linatikisika. Mama alikimbia akapiga magoti. "Baba, usilie. Baba, tafadhali. Nitairudisha kesho, naapa, asubuhi na mapema."

Alimgeuza. Shusha hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki, pumzi inaingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi uliotoboka, machozi yanamtiririka hadi sikioni. Mkono ukatoka chini ya shuka, ukaomba.

"Anataka nini?"

"Bahasha," binti alisema. "Anataka kuona nani kachanga."

Walimshikia karatasi mbele ya macho. Kidole kilishuka jina kwa jina, taratibu, kama anateremsha mzigo wa vioo. Kwenye majina mengine kilikaa. Kilipofika jina moja karibu na mwisho kilisimama kabisa, kikagonga mara mbili, na kicheko kikaanza upya.

"Huyo vipi?"

Mama alichungulia. "Huyo hajawahi kumnunulia mtu hata chai," alisema, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Wote watatu wakacheka, kicheko kibaya, cha watu waliokosa pa kuweka aibu yao. Kilipoisha, kila mmoja alitazama pembeni.

Kisha Shusha akainua kidole kimoja, akakizungusha hewani. Kilizunguka kwa shida, kikaanguka, kikazunguka tena. Pandisha.

Wakamkalisha. Kidole hakikuacha. Kikaelekea dirishani.

Mama Turubai alisimama muda mrefu mbele ya ule weupe. Alifikiria msimamizi na faili lake. Alifikiria robo ya kodi, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kabla hata haijapatikana. Alifikiria pia, na hili ndilo lililomuuma kwa namna ya ajabu, kwamba ilikuwa kazi nzuri. Katika maisha yake alikuwa hajashona mshono ulionyooka kama ule. Kisha akaenda kwenye kikapu chake akachukua wembe na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia.

Aliyeshona ndiye anayejua pa kufumulia. Hakukata kitambaa. Alipata mahali pa kwanza ambapo uzi ulirudi nyuma, usawa wa kichwa chake, akaukata hapo, akafumua kwa ncha ya shazia kwenda chini, mchomo mmoja mmoja, hadi usawa wa kiuno. Juu na chini alipiga fundo na kushona upya mara tatu, ufumukaji usiendelee. Halafu akatia kamba nyembamba kwenye midomo miwili ya uwazi ule, akaivuta kila mmoja upande wake, akafunga kwenye misumari ya dirisha.

Upepo wa maji uliingia chumbani, na harufu yake ya mafuta na samaki.

Winchi namba tatu ilikuwa palepale.

*

Kesho yake, robo saa kabla ya saa kumi, muuza kahawa alikuwa anamimina kikombe alipoona, juu ya kichwa cha yule baba wa kwenye picha, anga limefunguka. Aliacha kumimina. Mkono wa mtu ulitoka angani, mkono mwembamba wenye shati la mistari, ukakaa hewani ukitetemeka.

"Jamani," alisema kwa utulivu, "kuna mtu ndani ya bango."

Watu waligeuka mmoja mmoja kutoka kwenye maji. Dereva wa lori alizima injini. Kiganja kikatazama chini. Kikaanza kushuka.

Winchi namba tatu ilikuwa na kontena hewani wakati huo. Ilisimama. Kontena lilining'inia, likageuka kidogo, likatulia, na kwa muda ambao Mama Turubai, aliyekuwa amemshikilia mumewe kiunoni, aliuona mrefu kama siku zote kumi na tatu, hakuna kilichosogea bandarini. Alijua yule mtu kibandani anafanya nini. Alikuwa anatazama mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimchangia rambirambi.

Mkono ulishuka tena, kwa hasira kidogo, kama unavyomshushia kijana mzembe.

Kontena likaanza kushuka. Lilishuka pole, pole, likafuata kiganja bila kuyumba, na ngumi ilipokunjwa likasimama shubiri moja juu ya sakafu ya gati. Ndipo honi ya winchi ikalia, ndefu, na za namba mbili na namba moja zikaitikia, na walinzi wakatoka vibandani kutazama kumetokea nini.

"Mwambie aache honi," Mama Turubai alisema, mashavu yamelowa. "Watatufukuza."

Binti, ambaye siku hiyo hakwenda kivukoni, hakuwa na jinsi ya kumwambia mtu yeyote.

*

Walikuja Jumapili kama walivyoahidi, ila walikuja wakipiga kelele ngazini. Mama Turubai aliwangoja mlangoni na bahasha mikononi, akawaambia yote, kuanzia sahihi hadi langoni, bila kukaa. Alisema hata sehemu ambayo hakuna mtu aliyemuuliza. Wanaume walitazama viatu vyao.

"Kaa nayo, mama," dereva alisema mwishowe. "Mchango ukishatoka haurudi. Kuurudisha ni mkosi. Na mzee ametupunguzia kazi, tumelipa mapema."

"Mimi nilitoa kidogo kwa sababu nilikuwa na mashaka," alisema yule wa karibu na mwisho wa orodha, na Shusha akamkunjia ngumi.

Msimamizi naye alikuja, Jumatatu. Alisimama chumbani, mikono nyuma, akautazama uwazi, akaitazama bahari kupitia uwazi.

"Bango limeharibika," alisema.

"Halijakatwa popote. Ni mshono umefunguliwa. Kitambaa cha ukubwa huo bila tundu la upepo kitang'oa ukuta wako siku moja. Fundi mzuri angekwambia tangu mwanzo."

"Fundi mzuri ulikuwa wewe."

"Nilikosea," Mama Turubai alisema. "Sasa nimerekebisha."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa upole. Kodi ilirudi kuwa kamili, na wakaambiwa kwamba miezi sita ikiisha watafute kwingine. Alipokuwa anatoka alimtakia mzee afya njema.

*

Hawakuifikisha hiyo miezi sita. Mvua za kwanza zilipoanza, Shusha alilala mchana baada ya uji na hakuamka. Ilikuwa saa nane. Binti alikuwa kivukoni. Mama Turubai alimfumba macho, akamfunga kidevu, akamnyoosha mkono ule kando ya mwili. Ulikuwa bado mwepesi. Akatuma mtu amwite binti. Akaitoa bahasha chini ya godoro, ambako ilikuwa imekaa bila kuguswa, akaiweka mezani.

Baada ya hapo hakuwa na la kufanya, akakaa. Chini barabarani watu walikuwa wamejificha mvua kwenye vibaraza, na muuza kahawa alikuwa amefunika birika lake kwa kofia yake mwenyewe.

Saa kumi kulabu tupu ya winchi namba tatu ilipanda hadi juu, ikageuka kuelekea jengo, ikangoja.

Aliinuka. Aliacha kamba za uwazi zimefungwa kama zilivyo, akapitisha mkono wake wa kushoto kati ya midomo ya mshono, nje kwenye mvua, hadi bega. Hakushusha kitu. Alikunja ngumi, akaishika hapo.

Kulabu ilibaki juu, haisogei. Baada ya muda aliona mlango wa kibanda ukifunguliwa, na mtu, mdogo kwa umbali, akatoka kwenye ngazi ya chuma, akavua kofia, akasimama kwenye mvua.

Mama Turubai hakuuteremsha mkono wake hadi pale alipokuwa na hakika kwamba safari hii wameelewa.